Mwamba ukifungwa miezi mitatu, pweza huwa wa nani?

Msomaji mmoja wa wilaya ya Kilwa ameniandikia kwamba BMU ya kijiji chao, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi wa ufukwe wao, imeitisha mkutano na kupendekeza mwamba mmoja ufungwe kwa miezi mitatu, asivuliwe pweza hata mmoja, kisha ufunguliwe kwa siku itakayotangazwa. Yeye na mama mkwe wake huchokoa pweza mashimoni wakitembea kwa miguu kila bamvua, yaani siku ambazo maji hupwa sana, na mwamba unaotajwa ndio ulio karibu nao. Anauliza mambo matatu: kama muda mfupi namna hiyo unaweza kuleta tofauti yoyote, kama siku ya kufunguliwa wanawake watapata kitu au wapiga mbizi watakuwa wameshamaliza, na mwisho swali la jikoni: mama mkwe wake, ambaye pia hukataza chumvi isitiwe sufuriani mwanzoni, husema pweza mdogo huiva upesi lakini mkubwa humtafuna mlaji badala ya mlaji kumtafuna, sasa kuna faida gani kungoja awe mkubwa?

Dada yangu, swali la kwanza lina jibu jepesi: miezi mitatu inatosha, na sababu yake iko katika mwili wa pweza mwenyewe. La pili ni refu, kwa kuwa haliamuliwi na bahari bali na mkutano wenu, na ndilo nitakalolikalia. La tatu nitalijibu mwisho, maana nalo lina mantiki yake.

Pweza mnayemchokoa, ambaye katika vitabu vya sayansi huitwa Octopus cyanea, haishi muda mrefu. Umri wake wote ni kama mwaka mmoja, au mwaka na miezi michache, na katika muda huo hutoka kiumbe kidogo kinachoelea majini hadi mnyama wa kilo kadhaa. Hula kaa na chaza mchana kutwa, na chakula hicho hugeuka nyama kwa kasi ambayo samaki wengi hawaifikii. Chewa huhitaji miaka kadhaa kufikia umri wa kuzaa. Mwamba wa chewa ukifungwa miezi mitatu, siku ya kufunguliwa mtakuta chewa wale wale waliokuwapo. Pweza mdogo aliyeachwa kwa muda huo huo akiwa na chakula cha kutosha huongeza uzito wake mara kadhaa. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa miezi mitatu ni mchezo wa kuigiza, huenda anafikiria samaki.

Hata hivyo, ni lazima tutenganishe faida mbili ambazo mikutanoni huchanganywa kila mara. Faida ya kwanza ni uzito: pweza ambaye mngemtoa leo akiwa mdogo, mnamtoa baadaye akiwa mkubwa. Hii ni yenu, na inaonekana kwenye mizani siku ile ile. Faida ya pili ni uzao, na hii haina kijiji. Jike akishapata mimba hujifungia shimoni, hutundika mayai yake kwenye dari la pango kwa vikonyo vyembamba, mayai laki kadhaa yenye umbo la punje ya mchele, kisha huyalinda kwa kuyapulizia maji na kuyasafisha bila kwenda kuwinda, hadi yanapoanguliwa naye akafa. Watoto hao hawabaki pale. Huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua mwambani, na mwamba watakaotua unaweza kuwa wa wenzenu walio mbali kaskazini. Nanyi, vivyo hivyo, mnavua watoto wa mapweza wa wengine. Ndiyo maana napenda kuona vijiji vya jirani vikikubaliana, na ndiyo maana pia siamini ahadi kwamba kufunga mwamba mmoja kutaujaza mwamba huo huo vizazi na vizazi.

Uzao huo una kizuizi kingine ambacho watu wachache hukijua. Vipimo vilivyofanywa kusini magharibi mwa Madagascar, ambako pweza ni huyu huyu, vilionyesha kuwa nusu ya madume huwa yamekomaa yakifikia takriban gramu 640, lakini nusu ya majike hukomaa yakifikia takriban kilo 2.2. Sasa linganisha na kanuni yetu. Kanuni za Uvuvi za Tanzania Bara za mwaka 2009 zinakataza pweza wa chini ya gramu 500. Kipimo hicho kina maana yake, kwa kuwa kinamnyima mnunuzi vitoto visivyo na nyama, lakini jike wa kilo moja, ambaye mizani inamhesabu halali na mnunuzi anamsifu, kwa kawaida bado hajawahi kutaga hata yai moja. Anayedhani kwamba akitii kanuni ya nusu kilo amemlinda mzazi, hajamlinda. Kinachompa jike nafasi ya kufika kilo mbili na kitu ni kipindi cha kuachwa, na hapo ndipo kufunga kunapofanya kazi ambayo mizani peke yake haiwezi kuifanya.

Kwa nini basi msifunge miezi minane? Kwa sababu hiyo hiyo ya umri mfupi. Pweza aliyekomaa anayekaa bila kuvuliwa huzaa na kufa, naye akifa shimoni hakuna aliyempata isipokuwa kaa na samaki aitwaye mkunga. Jaribio la kwanza lililojulikana sana katika ukanda wetu, lile la kijiji cha Andavadoaka huko Madagascar, lililoanza Novemba 2004 kwa watu wa kabila la Vezo wakishirikiana na shirika la uhifadhi la Blue Ventures, lilifunga mwamba kwa miezi saba. Vijiji vilivyofuata vilifupisha muda huo, na leo miezi miwili hadi mitatu ndiyo kawaida.

Sasa tuje kwenye swali lako hasa.

Watafiti waliochambua kumbukumbu za Madagascar za miaka minane, tangu 2004 hadi 2011, walikuta vipindi 36 vya kufunga na kufungua. Walipolinganisha siku 30 kabla ya kufunga na siku 30 baada ya kufungua, jumla ya pweza waliotolewa kwenye miamba ile ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 718. Hii ndiyo namba utakayoisikia mkutanoni, na ni ya kweli. Namba ya pili husemwa kwa sauti ndogo: pato la mvuvi mmoja kwa siku moja liliongezeka kwa asilimia 87. Ziweke namba hizo mbili pamoja uzitazame. Mavuno yote yamezidi mara nane, lakini mtu mmoja mmoja hata mara mbili hakufika. Sehemu kubwa ya tofauti iliyobaki ni watu. Siku mwamba unapofunguliwa huja wavuvi wengi kuliko siku yoyote, wenyeji na wasio wenyeji, wenye ngalawa na wenye miguu, na kile kilichotunzwa kwa miezi mitatu hugawanywa kwa siku chache kwa mikono mingi. Kwa hiyo hofu yako si ya bure, na wala usikubali kuambiwa kuwa ni hofu ya mtu asiyeelewa uhifadhi.

Uchambuzi huo huo una habari njema mbili ambazo ni haki uzijue pia. Mapato ya pweza ya vijiji hayakushuka kwa kiasi cha kuhesabika wakati miamba imefungwa, kwa kuwa kilichofungwa kilikuwa sehemu tu ya eneo la kijiji na watu waliendelea kuvua kwingine. Na kati ya vipindi 36, vipindi 27 viliacha faida halisi baada ya kutoa hasara ya kungoja. Mimi huwa nawaonyesha wanakijiji vile vipindi tisa vilivyobaki. Robo ya vipindi hivyo havikuleta faida ya kifedha. Siwezi kukueleza kila kijiji kilipatwa na nini, lakini mahali nilikofanya kazi, faida ilipopotea haikupotelea majini. Ilipotea siku ya kufungua, kati ya mwamba na mizani.

Nikuchoree namna inavyopotea. Katika pwani yetu, wakati wa bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, na saa zile zile usiku. Siku ya kufungua huwekwa asubuhi ya bamvua kubwa ili mwamba uonekane. Lakini mwamba hauonekani wote kwa wakati mmoja. Muda wa saa mbili kabla maji hayajapwa, mnyang'anyo umeshaanza: wapiga mbizi wenye miwani na mikuki wako ndani, wakiwatoa pweza kwenye mashimo ya ukingo na hata ya juu ya mwamba ambayo bado yana maji ya kiunoni. Mwanamke anayesubiri maji yafike kwenye vifundo vya miguu ndipo aanze kuchokoa anakuta mashimo yameshatembelewa. Mbele ya shimo kuna magamba ya kaa na chaza kama kawaida, alama ambayo kila siku humwambia kuwa mwenyewe yumo, ila leo ndani hamna mtu. Kisha, saa sita mchana, pweza wote wa kijiji hufika ufukweni kwa mkupuo. Mnunuzi mmoja ana barafu ya kiasi cha siku ya kawaida. Anajua kuwa pweza hawawezi kulala juani, na ninyi mnajua kuwa anajua. Bei inashuka mbele ya macho yenu, na pweza wa kilo tatu aliyengojwa miezi mitatu anauzwa kwa bei ya kilo ambayo msingeikubali siku nyingine yoyote.

Kwa hiyo mkutanoni usiulize kama mwamba ufungwe. Uliza utafunguliwaje, na usikubali kura ya kufunga ipigwe kabla taratibu za kufungua hazijaandikwa. Kijiji kikishakubali kufunga, nguvu yako ya kuomba lolote imekwisha.

Jambo la kwanza la kuomba ni kwamba juu ya mwamba, pale panapotembeleka maji yakipwa, pasiingiwe na mpiga mbizi katika siku za mwanzo za kufunguliwa, nao waachiwe ukingo na maji ya kina ambako ninyi hamfiki. Mgawanyo huu ni rahisi kuusimamia kwa kuwa unaonekana kwa macho: aliyevaa miwani na yuko juu ya mwamba, amekosea. Kuna wanaume watakaosema kuwa huo ni ubaguzi. Waulize ni lini mara ya mwisho mwanamke aliwazuia kwenda kina kirefu.

Jambo la pili ni bei na barafu. BMU izungumze na wanunuzi wawili au watatu majuma kadhaa kabla, bei ya kilo ikubaliwe kwa kuzingatia ukubwa, na idadi ya makasha ya barafu iandikwe. Pweza wetu wengi huishia kwenye viwanda vinavyosafirisha Ulaya, na soko hilo hulipa vizuri zaidi kwa pweza mkubwa mwenye ngozi nzima ambaye hakulala juani. Kama mnunuzi hatoi bei ya juu kwa pweza mkubwa, basi mmemlea kwa ajili ya faida ya mtu mwingine.

Jambo la tatu ni wageni. Hapa pana mtego wa kisheria. Makubaliano ya mkutano wa kijiji yanawafunga wanakijiji kwa aibu na ujirani, lakini mvuvi wa dago aliyetoka wilaya nyingine hafungwi na aibu ya kijiji chenu. Ili afungwe, mpango wenu unapaswa kuingia katika sheria ndogo zinazopitishwa kwa utaratibu wa halmashauri, na afisa uvuvi wa wilaya awe anaujua kabla haujaanza. Utaratibu huu huchukua muda. Anayewaambia mfunge mwezi ujao wakati sheria ndogo haijapitishwa anawaalika mlinde pweza usiku ili mwingine awachukue alfajiri. Visiwani utaratibu ni tofauti kidogo, kazi hiyo ikiwa mikononi mwa kamati za uvuvi za shehia chini ya sheria ya Zanzibar, na kule Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, ambako walianza kufunga mwaka 2016 kwa msaada wa shirika la Mwambao, ulinzi wa mwamba ulikuwa mzigo mkubwa kuliko kitu kingine chochote: boti, mafuta, na watu wa kukesha. Muulizeni mtu wa mradi ni nani atakayelipia mafuta hayo mwaka wa tatu, mradi ukishaondoka. Mimi huona ni bora kijiji kitoze ada ndogo kwa kila atakayeingia mwambani siku ya kufungua, mwenyeji na mgeni kwa viwango tofauti, fedha hiyo ikawa ya doria ya kipindi kinachofuata.

Umesema mwamba huo ndio ulio karibu nanyi. Hapa siwezi kuwa upande wa BMU. Kufunga mwamba ambao wanawake huufikia kwa miguu, huku miamba inayohitaji ngalawa ikiachwa wazi, ni kuwatoza wenye kipato kidogo gharama ya uhifadhi wa wote. Kule Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Morisi, serikali ilipofunga uvuvi wa pweza kwa miezi miwili mwaka 2012, iliwapa wavuvi waliosajiliwa kazi nyingine za malipo katika muda huo. Kijiji chenu hakina hazina ya kufanya hivyo. Kisichoweza kulipa fidia basi kifunge sehemu ndogo, isizidi robo ya eneo la kuvulia, na ihakikishwe kuwa robo hiyo ina sehemu ya juu ya mwamba na sehemu ya kina kwa pamoja, ili kila kundi litoe na kila kundi lipate. Pendekezo lingine unaloweza kulitoa ni kuzungusha: mwaka huu mwamba wa karibu, mwaka ujao wa mbali.

Majira nayo yana siasa zake. Wengi hupenda kufunga wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, kwa hoja kuwa bahari imechafuka na vyombo havitoki, hivyo hakuna kinachopotea. Hoja hiyo ni ya mwenye chombo. Wakati wa kusi ndipo mwamba wa ndani huwa tegemeo la mwenye miguu. Pamoja na hilo, kufungua mwishoni mwa kusi kuna faida yake: bahari inatulia, maji yanakuwa meupe, wanunuzi wanafika kwa urahisi. Mkiamua hivyo, basi unayo sababu nyingine ya kudai kuwa sehemu ya mwamba wa ndani ibaki wazi.

Kuna ujuzi ambao ninyi wachokoaji mnao na mtaalamu wa ofisini hana, nao ni wa kujua shimo lenye jike aliyetaga. Jike huyo huziba mlango kwa mawe kutoka ndani, amekonda na kupauka, hatoki hata akichokozwa kwa chambo, na mbele ya shimo lake hakuna mabaki mapya kwa kuwa hali. Ukimtoa huyo unapata nyama iliyokwisha na unaua uzao wote kwa pigo moja. Kijiji kinachoweka kanuni kwamba shimo lililozibwa halichokolewi, wakati wowote wa mwaka, mwamba umefungwa au umefunguliwa, kitakuwa kimefanya jambo zito bila gharama yoyote. Naomba pia muweke katika kumbukumbu za BMU miezi ambayo mnayakuta mashimo hayo kwa wingi. Mkiikusanya kwa misimu miwili au mitatu mtajua wenyewe miezi gani ya kufunga inafaa kwa mwamba wenu, badala ya kuazima kalenda ya Madagascar.

Na shimo lenyewe lisivunjwe. Pweza akitolewa kwa ustadi, shimo lake huingiwa na mwingine, na kila mchokoaji mzoefu ana mashimo yake anayoyazungukia bamvua hadi bamvua kama shamba. Anayepiga mwamba kwa nondo ili aharakishe, au anayetia utupa, ile sumu ya mimea, shimoni, amempata pweza mmoja na kuibomoa nyumba ya wote watakaofuata. Siku ya kufungua ndiyo siku ya hatari zaidi kwa jambo hili, kwa sababu kila mtu ana haraka. Wawekeni wazee wawili watatu wanaojua, wapite mwambani wakiwa na mamlaka ya kumtoa mtu.

Sasa jikoni. Mama mkwe wako anasema ukweli kwamba pweza mkubwa ni mgumu zaidi, lakini ugumu huo hauko katika ukubwa. Uko katika muda na namna ya kupika. Nyama ya pweza imefungwa na nyuzi za kolajeni nyingi kuliko za samaki, hasa kwenye ngozi na minyiri, yaani ile mikono yake mirefu. Moto unapoanza kumfikia, nyuzi hizo hujikunja na kukamua maji, na hapo ndipo anapokuwa mgumu kama mpira. Wengi humwonja wakati huo, wakakata tamaa, wakaongeza moto. Kinachotakiwa ni kinyume chake: moto mdogo, sufuria iliyofunikwa, maji yanayotetemeka bila kutokota kwa nguvu, na subira, mpaka kolajeni iyeyuke igeuke ule ute laini unaofanya mchuzi wa pweza ushikane. Pweza wa nusu kilo huvuka hatua hiyo upesi kwa kuwa minyiri yake ni myembamba. Wa kilo tatu anaweza kuhitaji saa moja na nusu, pengine zaidi. Kipimo si saa bali kijiti: kichomeke mahali mnyiri unapoungana na kichwa, panapokuwa panene zaidi, na kikizama bila kukwama, ameiva.

Kumpiga juu ya jiwe akiwa mbichi kunasaidia kweli, kwa kuwa kunavunja nyuzi kabla ya moto, ila apigwe kabla hajasafishwa wala kukatwa, kisha ndipo kichwa kigeuzwe ndani nje, matumbo na kifuko cha wino vitolewe bila kupasuka, na ule mdomo mweusi mgumu ulio katikati ya minyiri usukumwe kwa kidole gumba utoke. Baada ya hapo afikichwe kwa chumvi hadi utelezi wote uishe, na asuuzwe vizuri. Kuhusu chumvi, mama mkwe wako yuko sahihi kabisa: isitiwe sufuriani mwanzoni. Pweza ametoka baharini na chumvi yake, na maji anayoyatoa ni mengi. Muweke sufuriani bila maji au na kikombe kimoja tu, mfunike, na baada ya dakika chache utamkuta anaogelea katika maji yake mwenyewe. Onja mwisho ndipo uamue. Papai bichi linalotiwa na watu wengi hufanya kazi kabla ya maji kuchemka, kwa kuwa nguvu yake huuawa na moto. Kwa hiyo limpake akiwa bado mbichi na umwache kidogo, usilitupie katika maji yanayotokota.

Na hapa ndipo jibu la swali lako la tatu lilipo. Pweza hupoteza karibu nusu ya uzito wake akipikwa. Wa gramu 300 aliyetolewa mapema, ukimtoa matumbo na ukampika, anabaki konzi moja isiyomtosha mtu mmoja na wali wake. Wa kilo mbili na nusu analisha nyumba, na supu yake inabaki ya asubuhi. Kuni za ziada utakazotumia kwa mkubwa ni chache kuliko kuni za kuwapika wadogo wanane kwa siku nane.

Kwa mchuzi wa nazi, mpike kwanza peke yake hadi alainike, ndipo umkate. Ukimkata akiwa mbichi vipande vitajikunja na kukauka kingo. Kaanga kitunguu, thomu na tangawizi, tia bizari na nyanya kidogo, kisha tui jepesi pamoja na sehemu ya ile supu yake nyekundu, na embe mbichi au ukwaju. Kasimele, yaani tui zito, iingie mwisho kabisa, ukikoroga kwa upande mmoja na moto ukiwa mdogo, maana likichemka kwa nguvu tui litakatika na mafuta yatapanda juu. Wauza supu wa mjini watakwambia kuwa supu hiyo huongeza nguvu za kila namna. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba ina protini nyingi na mafuta machache.

Siku ya kufungua, kama bei itakuwa mbaya, usilazimike kuuza wote. Pweza ni miongoni mwa vitoweo vichache vya bahari ambavyo friza huvifanya kuwa bora: barafu inayojengeka ndani ya nyama huvunja nyuzi zake, hivyo aliyegandishwa siku kadhaa huiva upesi kuliko aliyetoka majini leo. Asafishwe kabla ya kugandishwa, na akiyeyushwa apikwe, asirudishwe tena. Pasipo friza, mpasue kichwa, tandaza minyiri kwa vijiti ili isigusane, mtundike juani mahali penye upepo na nzi wachache, umwingize ndani kila jioni ili umande usimrudishe unyevu. Akishakauka hadi mnyiri ukigongwa unatoa mlio, hukaa muda mrefu, na siku ya kumpika aloweke usiku kucha na abadilishiwe maji mara moja kabla ya kwenda motoni.